Nilijiandikisha klabu tatu kwa tamaa ya mahamri, zikanikatalia kuacha chuo

Wakuu, salaam aleikum, na wale msiopenda kuitikia salaam nanyi hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Muda mrefu nimecheka vituko vyenu bila kuchangia hata herufi moja. Leo zamu yangu.

Ninayosimulia ni kweli tupu. Chumvi nitakayotia ni ya kuonjea tu, si ya kukaushia papa.

Majina ya watu nimeyabadilisha. La mikoko nimeliacha, maana mikoko haina simu.

Mimi ni mtoto wa kike wa Muyeye, Malindi. Mwaka juzi nilipata nafasi katika chuo kimoja pale Kilifi, kusomea kemia. Nikapanga chumba Mnarani, ng'ambo ya daraja, nikajiona mtu mzima.

Mama yangu alifurahi hadi ikawa kero. Akienda dukani kununua kiberiti, lazima mwenye duka aambiwe mtoto yuko chuo. Akienda matangani, anangoja watu wamalize kulia, kisha anaulizwa mbona yuko peke yake, naye anapata nafasi ya kusema, "Yule mkubwa yuko chuo."

Haya, tuingie kwenye kisa.

Wiki ya kwanza huwa kuna siku ya klabu. Kila klabu inaweka meza uwanjani, inapiga kelele, inatafuta wanachama. Mimi sikuwa na haja na klabu yoyote.

Lakini meza ya Mazingira ilikuwa na mahamri na mbaazi.

Meza ya Mdahalo ilikuwa na viazi karai na chatini ya ukwaju.

Meza ya netiboli ilikuwa na sharubati ya baridi, na jua la Kilifi mnalijua.

Utaratibu wao: andika jina, upewe chako. Nikaandika. Mara tatu. Kwa mwandiko mzuri kabisa, na namba ya usajili juu.

Sasa kwetu Pwani, ukila cha mtu umekubali neno lake. Hata posa huanza hivyo hivyo, kwa kahawa na kashata, ukija kushtuka tarehe ya harusi imeshatajwa. Nimelelewa nikijua hilo. Lakini nilijiambia hawa ni wanafunzi tu, wengi wa bara, chakula chao hakina masharti.

Nikala, nikajifuta mdomo, nikaenda zangu. Sikurudi kwenye klabu hata moja.

Wakuu, muhula ule wa kwanza sitaki hata kuukumbuka.

Siku ya kwanza darasani mwalimu aliita majina. Lilipofika langu nikaitika "Abee!" kama nilivyofunzwa nyumbani. Darasa zima likaangua kicheko. Kwao watu huitika "present" au hunyanyua mkono. Tangu hapo nikafunga mdomo, nikahamia safu ya nyuma.

Nilikuwa naingia, naketi, natoka, nala peke yangu, narudi Mnarani. Nikikosa darasa hakuna aliyeuliza. Nikija hakuna aliyeshangaa. CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa darasani, nilipata alama ambazo nikizitaja humu mods watafunga uzi kwa maadili.

Msinielewe vibaya, kemia haikuwa imenishinda. Nilikuwa mpweke. Nasema wazi kwa sababu wakati ule nilikuwa nasingizia kila kitu kingine: maji ya chumba, joto, ratiba.

Kwa hiyo muhula wa pili ulipoanza nikaamua naacha chuo.

Mpango ulikuwa huu. Nina khalati yangu, mdogo wake mama, anayepamba mabibi harusi kwa hina na piko, ile rangi nyeusi. Mkono wangu ni mwepesi kwenye maua. Nitaingia kwake kimya kimya, na mama nitamwambia chuo kimefungwa kwa ukarabati. Ukarabati wa miaka mingapi, hilo ningelifikiria baadaye.

Nikaenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi kuchukua fomu ya kuondoka.

Pale kuna katibu, nimwite Bi Maimuna. Mama wa Lamu, miwani ameifunga kwa uzi, sauti ya taratibu hadi unatamani kumsaidia kumaliza sentensi.

"Shikamoo Bi Maimuna."

"Marahaba mwanangu. Wataka nini?"

"Fomu ya kuondoka chuo."

Akanitazama. Akauliza jina na darasa. Akafungua daftari moja kubwa, akapitisha kidole, akalifunga.

"Ngoja hapo."

Akaingia chumba cha nyuma, akakaa humo hadi nikadhani amelala. Alipotoka alikuwa na fomu mkononi, anaipuliza kama anapoza chai.

Akanisomea. Maktaba watie sahihi kwamba sina kitabu chao. Maabara, sina kifaa chao. Malazi, hawana neno nami. Na chini kabisa: mwenyekiti wa kila klabu niliyojiandikisha atie sahihi, baada ya kuniona kwa macho yake nikishiriki walau mara moja.

"Wewe una klabu tatu," akasema. "Mashallah."

Maktaba, maabara na malazi nikamaliza siku ile ile. Zikabaki klabu.

Netiboli ilikuwa rahisi. Nahodha alikuwa dada mrefu wa Kisumu, hana mchezo. Aliniweka nilinde goli. Mpira wa kwanza ulinipiga pua. Wa pili nikaukwepa. Wa tatu niliudaka, nikampa mpinzani kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

Nahodha alisimamisha mazoezi akaja mwenyewe na kalamu. Sikuhitaji hata kuomba.

Mazingira ndipo nilipoanza kunaswa.

Mwenyekiti alikuwa Kiprono, kijana wa Bomet ambaye kabla ya kuja Kilifi hajawahi kuona maji yakiondoka na kurudi. Jumamosi asubuhi maji yalipotoka tukaenda kupanda mikoko kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Kila mtu anapewa miche kumi na miwili, anapanda safu yake, anachomeka kijiti chenye jina lake.

Mimi tope si geni kwangu. Nikapandisha baibui, nikavua kandambili, nikaingia. Kiprono yeye alivaa viatu vya michezo, vyeupe. Hatua ya nne akazama hadi magotini. Kaa mmoja mdogo, saizi ya kifuniko cha soda, akatoka shimoni kumtazama.

Wakuu, yule kijana alipiga yowe hadi wavuvi wa ng'ambo wakageuka.

Nilimvuta kwa mikono miwili. Alitoka yeye, kiatu kimoja kikabaki huko hadi leo. Tulicheka sote, naye akacheka, tukiwa tumeketi kwenye tope kama nguruwe, astaghfirullahi. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka na watu tangu nihamie Kilifi.

Kumaliza kupanda nikatoa fomu. Akaikataa.

"Hizi saa hii ni vijiti tu," akasema. "Kuja after two weeks uhesabu yenye imeshika, ndio nisaini. Hiyo ndiyo rule ya klabu. Kila mtu na safu yake."

Ningebishana, lakini mahamri yake yalikuwa tumboni mwangu tangu muhula uliopita. Nikanywea.

Wiki mbili ni nyingi kukaa chumbani unatazama dari. Nikaanza kurudi darasani, basi tu. Kumbe Kiprono tuko naye darasa moja, sikuwa na habari. Jumatatu nilipoingia akapaza sauti mbele ya wote, "Weh, mwenye mikoko, kuja hapa mbele!" Alikuwa ameniwekea kiti. Sasa ukiwekewa kiti utakataa vipi?

Ikabaki Mdahalo.

Mwenyekiti wa Mdahalo alikuwa Umazi, binti wa Kaloleni, mdomo wembe. Nilipofika mlangoni akanitambua palepale.

"Haa! Mwanachama wetu wa viazi! Muhula mzima viazi vyetu viko tumboni mwako, leo ndiyo waja?"

Nikaona haya hadi vidole vya miguu. Nikamwambia nataka kushiriki mara moja tu, anitilie sahihi niende.

Akasoma fomu, akanirudishia. Kisha akaniambia wiki ijayo wanashindana na chuo kimoja cha Mtwapa, kwa Kiswahili, na msemaji wao wa tatu amekauka sauti. Nafasi ni yangu.

"Mada gani?"

"Ujuzi wa mkono una faida kuliko shahada. Sisi ni wapinzani."

Hebu pigeni picha. Nina fomu ya kuacha chuo ndani ya mkoba, mpango wangu ni kwenda kupaka hina, na natakiwa nisimame mbele ya kadamnasi niwaambie watu wasiache chuo. Hata Iblisi angeomba udhuru.

Lakini sahihi naitaka. Nikakubali.

Umazi alitaka mfano hai, si maneno ya vitabuni. Nikawaza, nikamkumbuka khalati. Miaka yote anayopaka piko, vidole vyake hubabuka na kuwasha. Siku za harusi nyingi hulala na mikono ndani ya beseni la maji. Sisi nyumbani tulisema ni husda ya washindani.

"Ni nini kilichomo?" Umazi akauliza.

"Sijui."

"Wewe si wasoma kemia?"

Wakuu, aliniua pale pale.

Kesho yake nikabisha ofisini kwa mwalimu wetu wa kemia, kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza kuhusu piko. Yule mzee wa watu aliwaka kama taa. Akachora, akafuta, akachora tena, akanieleza ile rangi imetengenezwa na nini, kwa nini wengine inawachoma, na kwa nini ikichanganywa kwa kubahatisha ni hatari. Sikuona muda ukipita. Mwishoni akaniuliza, "Wewe ni wa darasa lipi?"

"Lako, mwalimu."

Akavua miwani akanitazama vizuri. Sijui ni nani aliyeona haya zaidi.

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Msemaji wa Mtwapa alikuwa hodari, sina budi kukiri. Alisema fundi wa hina ana wateja mlangoni, mwenye shahada ana bahasha ya vyeti anazunguka nayo juani. Ukumbi ukamshangilia. Mimi mwenyewe nusura nipige makofi, maana alikuwa anasema mpango wangu.

Nikasimama. Nikafungua mdomo, kikatoka kile Kiswahili cha nyumbani, cha mama na khalati, nikangoja kicheko.

Hakuna aliyecheka.

Nikasema, "Mheshimiwa Spika, mwenzangu amemtaja fundi wa hina. Mimi ninaye nyumbani, ni khalati yangu. Wateja anao, kweli. Ana pia vidole vinavyobabuka kila Ijumaa ya harusi, na hajui ni kwa nini, na kikopo hakisemi. Mkono wake ni bingwa. Lakini mkono haujui kinachouchoma. Yuko mtu wa kumwambia, Mheshimiwa Spika, na mtu huyo ameketi darasani sasa hivi, safu ya nyuma, anatamani kutoroka. Msimwache atoke!"

Nilikuwa najisema mwenyewe mbele ya watu wote, na mkoba wenye fomu uko begani.

Tulishinda. Lakini subirini.

Umazi alikuwa amemrekodi kila mtu. Jioni ile akaitupa video kwenye mtandao. Kabla sijavua viatu, mama ameipata. Kabla sijala, iko kwenye status yake, na maelezo chini: MTOTO WANGU WA CHUO. Muyeye nzima ikaiona. Imamu aliiona. Muuza mkaa aliiona.

Na khalati akaiona.

Akanipigia. "Umenitangaza vidole vyangu kwa watu!"

"Nisamehe khalati, nilikuwa..."

"Nyamaza. Hicho kilichomo kwenye piko, wakijua chote?"

"Bado. Nimejua kidogo tu."

"Basi kaa huko mpaka ukijue chote. Kabla ya hapo nisikuone mlangoni kwangu na begi."

Akakata.

Yaani nilijifungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe, tena kwa ufasaha.

Wiki mbili zikatimia. Tukarudi horini. Kati ya miche yangu kumi na miwili, tisa ilikuwa imeshika. Kiprono akatia sahihi huku amenuna. Umazi naye akatia, akanirudishia fomu akisema, "Alhamisi mazoezi ni saa kumi, usichelewe," kana kwamba hajui alichokisaini.

Fomu ikawa imekamilika. Nikatembea nayo siku nne mkobani.

Siku ya tano nikaipeleka ofisi ya msajili. Msiniulize kwa nini, sisi wa Muyeye tukianza jambo tunaona haya kurudi nyuma hata kama mbele ni shimo.

Karani akaipokea, akaigeuza, akaisogeza karibu na dirisha.

"Hiki kisanduku cha klabu umekitoa wapi?"

Akanitolea fomu tupu kutoka kwenye rundo lake. Maktaba, maabara, malazi. Basi. Hakuna klabu. Nikaangalia yangu kwa makini. Mistari ya chini ilikuwa ya kalamu, tena imepinda.

Nikampokonya fomu, nikaenda kwa Bi Maimuna nikiwa nimepandwa na mori.

Wala hakustuka.

"Nilikichora mimi," akasema. "Rula yangu imetafunwa na panya, ndiyo maana yaenda upogo."

"Kwa nini, Bi Maimuna?"

"Nilifungua daftari la klabu nikakuona mara tatu. Nikasema huyu amekula meza zote hizi, haendi hivi hivi."

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitoka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya mtandio.

"Juma lile lile alikuja mwenzako," akasema. "Darasa lenu. Kadzo. Nikafungua daftari, nikaanza mbele nikaenda nyuma, nikarudi mbele. Hayumo popote. Sikuwa na cha kumchorea, mwanangu. Alimaliza sahihi zake kabla ya adhuhuri, akaniambia ahsante, akaenda zake."

Nikamuuliza Kadzo ni yupi.

Akanieleza. Mwembamba, wa upande wa Ganze, kitambaa cha kijani kichwani.

Wakuu, kitambaa kile nilikijua. Muhula mzima kilikuwa mbele ya uso wangu, safu moja tu mbele yangu. Nilijua alivyokifunga. Nilijua kona moja ilikuwa imechanika. Jina sikulijua, na kwamba ameondoka sikuwa nimegundua.

Mimi niliyelia kwamba hakuna anayeniuliza! Mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi nyuma ya mtu nikimfanyia vivyo hivyo.

Nilikwenda nikaketi kwenye ngazi za nje, nikalia. Sikulia kwa madaha. Nililia vibaya.

Kisha nikatafuta namba yake kwa kiongozi wa darasa. Nikapiga. Akapokea mtu wa sauti ndogo.

Nikajitambulisha, nikamwambia nilikuwa nakaa nyuma yake. Hakunikumbuka. Nilistahili.

Nikamwambia habari ya kaa na kiatu cha Kiprono, akacheka kidogo. Nikamwambia habari ya viazi vya Umazi. Akauliza, "Kwani kulikuwa na klabu?" Aliripoti chuo akiwa amechelewa wiki, meza zilikuwa zimeshaondolewa, na hakuna aliyemwambia.

Nikamuuliza sasa yuko wapi. Yuko nyumbani Ganze. Nikamuuliza mbona aliondoka.

Akasema, "Nilikuwa nadhani nikifika getini kuna mtu ataniuliza naenda wapi."

Nikamwambia, "Basi nakuuliza mimi. Unarudi lini?"

Akauliza ofisi ya Bi Maimuna hufunguliwa saa ngapi.

Wakuu, kisa changu ndicho hicho, na fomu yangu haikurudi tena kwa msajili. Kuna wazazi humu wanaosema klabu ni kupoteza wakati, mtoto ameenda kusoma si kucheza kwenye tope. Sibishani nanyi, ingawa mkitaka kubishana nina mazoezi. Ninachojua ni kwamba masomo yalikuwepo muda wote na hayakunishika. Walionishika ni watu, na hao watu sikuwapata kwa kusikiliza mhadhara.

Kama uko chuoni au kazini na kuna mtu unaona kisogo chake kila siku, kamuulize jina lake. Usingoje akiwa na fomu mkononi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani alikushika shati ulipotaka kukimbia? Na kama yupo uliyemwacha akapita getini bila kumuuliza, mtaje pia. Mimi nimeshamtaja wangu.